Mchanganyiko si kuchakachua

Kaka uliyeuliza kama divai nyekundu iliyoandikwa "mchanganyiko" kwenye lebo imechakachuliwa: hapana. Ni zabibu za aina zaidi ya moja tu. Bordeaux kule Ufaransa ndiyo kawaida yao: zabibu aina ya Cabernet Sauvignon inaleta ule ukakasi unaokausha ulimi, kama umetafuna ndizi mbichi, halafu aina nyingine, Merlot, inalainisha. Viwanda vidogo vyenye shamba lao mara nyingi huchachusha kila aina peke yake, kisha wanaonja, wanapima, wanachanganya.

Ila kwa joto letu hili la Kigoma, iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Na usithubutu kuinywa na samaki wetu migebuka! Mimi nilijaribu, mdomo ukabaki na ladha ya msumari. Tafuta mbuzi choma.