Simba, tambara la deki na kengele ya saa nane usiku

Simba, mbwa wetu mdogo, alishuka kutoka Marangu mwezi wa sita, ndani ya boksi la sabuni, akiwa na wiki nane. Jina watoto walishampa kabla hajafika hapa Rau. Niliwaambia mtaa mzima umejaa akina Simba, wakasema huyu ndiye wa kweli. Baridi ile ya Moshi ya Juni ilikuwa imekaza, mlima haujaonekana siku nne, na kabla boksi halijatulia chini mwenzetu alishalowesha zulia.

Nikafanya nilichokiona kwetu tangu utotoni: nikamshika shingo, nikamsugua pua kwenye mkojo, nikamchapa kofi la mgongoni, nikamtoa nje. Wiki nzima ikawa hivyo. Siku ya tano hivi sakafu ikawa kavu, nikajisifu. Jumamosi tukasogeza kochi ili tufagie, tukakuta choo chake cha siku zote kiko huko nyuma, kingine kimeshakauka kama udongo. Kumbe alichojifunza si kwenda nje. Alijifunza kutojisaidia mbele yangu. Tena nikimtoa uani alikuwa ananitazama tu, kabana, mpaka turudi ndani apate upenyo.

Aliyetutoa kwenye shimo hilo ni dada anayetusaidia kazi. Alikuwa amemtazama tu siku hizo zote, bila kumgusa. "Mama, huyu akiamka, anakojoa. Akimaliza kula, hazipiti dakika kumi. Na akiwa anacheza na watoto, ukiona amesimama ghafla anaanza kunusa sakafu na kuzunguka, ujue imefika."

Tukaanza upya. Akiamka, nje. Akila, nje. Akimaliza kucheza, nje. Kona ileile kila mara, chini ya mparachichi, mlango uleule wa jikoni, neno lilelile: "Haya, kojoa." Akikojoa, palepale anapata kipande cha dagaa aliyechemshwa na sifa nyingi. Palepale, nasisitiza. Ukingoja mpaka mrudi jikoni ndipo umpe, yeye anaona amezawadiwa kwa kuingia jikoni. Na ukikuta mkojo uliokwisha kupoa, piga deki unyamaze. Hawezi kuunganisha hasira yako na jambo alilofanya nusu saa iliyopita.

Deki yenyewe nayo ina siri. Usitumie dawa ya kusafishia yenye amonia, kwa sababu mkojo nao una harufu hiyo, na atadhani hapo ndipo chooni. Mimi hutumia siki ya kupikia na maji, nusu kwa nusu. Zulia tulilikunja tukalipeleka stoo miezi mitatu. Wageni walizoea.

Usiku ndio mtihani. Mbwa mdogo hubana mkojo kwa makadirio ya saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, akilala huongeza kidogo. Wa miezi miwili ukimfungia ndani kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri halafu ukamgombeza, unamwonea. Mimi na baba watoto tuligawana zamu: yeye saa tano kabla ya kulala, mimi kengele ya saa nane, yeye tena saa kumi na moja. Boksi lake tuliliweka karibu na mlango wa chumba chetu, ndani kanga kuukuu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye fulana. Kulia kuliisha usiku wa tatu. Mama mkwe alipokuja kututembelea akasimama kizingitini: "Mwanangu, mbwa analala ndani? Mmekuwa Wazungu lini?" Sikumjibu. Asubuhi nilimkuta anamkuna tumbo.

Kuhusu afya nitasema kwa ufupi, lakini usiliruke. Daktari wa mifugo alimpa chanjo ya kwanza akiwa na wiki nane, akarudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka alipofikisha wiki 16. Kabla hapo hatukumtembeza barabarani, maana virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi na huua mbwa wadogo haraka. Dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi miezi mitatu, hasa kama una watoto wanaotambaa. Chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, kisha irudiwe kama daktari atakavyokupangia. Na watoto wako wajue hili: wakiumwa na mbwa yeyote, kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Sasa ana miezi saba. Akibanwa anakwaruza mlango wa jikoni na kutuangalia kama tunaomchelewesha. Limebaki jambo moja: akimwona mtu anayempenda, furaha inamzidi na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Kumfokea kunazidisha, kwa hiyo wageni tunawaomba wamsalimie nje, kwa sauti ya chini, bila kumwinamia. Shemeji yangu hakusikia mara ya kwanza. Siku hizi akifika getini anavua viatu, anaviweka juu ya boneti ya gari, ndipo anaita "Simba!"