Mwenza wako akikoroma, sikiliza pale anaponyamaza

Kelele za Baba Neema nilishazizoea. Kilichokuwa kinaniamsha ni kimya. Mkoromo unakatika ghafla, kifua kinahangaika kuvuta hewa, lakini ukiweka kiganja puani husikii kitu. Halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini, anageuka, analala tena. Asubuhi ukimwambia, anakubishia! Basi nikamrekodi kwa simu, ubishi ukaisha.

Usingizini misuli ya koo hulegea, na kwa watu wengine njia ya hewa huziba kabisa. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, daktari anahesabu. Ikifika mara 30 kwa saa, hali ni mbaya. Kila mara oksijeni inashuka, mwili unashtuka, moyo unakimbia na presha inapanda. Hayo yakiendelea miaka bila tiba, ndipo hatari ya kiharusi, moyo kudunda ovyo na kisukari inapoongezeka. Mume wangu alikuwa anameza vidonge vya presha kila siku na haishuki. Kwenye kituo kimoja waliishia kumwambia apunguze mawazo.

Ila mimi kilichonitisha zaidi ni barabara. Anaendesha Coaster ya Moshi–Arusha, na konda wake alininong'oneza kwamba wakifika Kikatiti anamkuta anasinzia kwenye usukani, abiria wamejaa. Dereva wa namna hiyo apumzishwe kwanza, hata kama ada ya shule inadaiwa.

Kwa hiyo mrekodi, mpeleke hospitali, na umwonyeshe daktari hiyo video. Omba rufaa kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Sisi wa Moshi hospitali ya KCMC iko jirani. Kuna mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Inafanya kazi, lakini bei yake inauma, nisikudanganye. Kupunguza uzito, kulalia ubavu na kuacha mbege jioni husaidia, maana pombe hulegeza koo zaidi. Tatizo likiwa kali, hayo peke yake hayatoshi. Na msiwaangalie wanene tu, wembamba nao wanaugua.

Akipangiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, mwambieni mapema mtaalamu wa dawa ya usingizi kwamba pumzi yake hukatika akilala, kwa sababu dawa hizo nazo hulegeza koo.