Mbwa anakula ukoka kila alfajiri: anaumwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Kibada, Kigamboni. Nina mbwa dume wa ulinzi, ana miaka mitatu. Kila alfajiri, kabla hatujamrudisha bandani, anakula ukoka wa uani. Mara mbili au tatu kwa wiki anatapika povu la njano lililochanganyika na majani, kisha anachangamka kama si yeye. Chakula chake ni ugali wa sembe na dagaa, anapewa saa nane mchana. Jirani mmoja anasema kala sumu, nimnyweshe maziwa. Mwingine anasema mbwa anajitibu, nimwache. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenisaidia sana kwa kutaja saa ya chakula, maana hiyo saa nane mchana imenishtua kuliko majani yenyewe.

Kuhusu majani, tulia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akiwemo Benjamin Hart, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza wafugaji wa mbwa zaidi ya 1,500. Asilimia 68 walisema mbwa wao hula majani kila siku au kila wiki. Waliosema mbwa huonekana mgonjwa kabla ya kula walikuwa asilimia 8 tu, na waliosema hutapika mara kwa mara baada ya kula walikuwa asilimia 22. Kwa hiyo wengi wao hula wakiwa wazima, na majani hutoka kwa njia ya kawaida karibu yalivyoingia, kwa sababu tumbo la mbwa haliwezi kuyasaga kama la mbuzi.

Basi anakula ya nini, kama hayamshibishi? Maelezo ninayoyaona yana uzito zaidi yana ushahidi wake hapa hapa Tanzania. Sokwe wa Gombe na Mahale, kule Kigoma, wameonekana wakichuma majani ya Aspilia yenye vinyweleo vikali, wanayakunja na kuyameza bila kutafuna, mara nyingi asubuhi wakiwa hawajala kitu. Majani yale hutoka mazima kwenye kinyesi, na pale Mahale yamekutwa yametoka pamoja na minyoo. Hart na wenzake wanadhani mbwa naye amerithi tabia ya namna hiyo kutoka kwa mababu zake wa porini: majani yanapita, yanasukuma utumbo, yanakokota minyoo. Tabia imebaki hata kwa mbwa asiye na mnyoo hata mmoja.

Ndiyo maana jirani yako wa pili ana nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ni kwamba ukoka hauwezi kufanya kazi ya dawa ya minyoo. Minyoo ya safura hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kunyonya damu, na hakuna jani la kuibandua yote. Mbwa mkubwa apewe dawa kila baada ya miezi mitatu, kwa uzito wake. Mpime kwanza. Tafadhali usimkadirie dawa ya mbuzi kwa macho.

Sasa turudi kwenye saa nane. Mbwa wako anakula mchana, anakesha akizunguka uwanja, na ikifika saa kumi na moja alfajiri tumbo lina saa kumi na tano bila kitu. Nyongo hurudi tumboni, inamchoma, anapata kichefuchefu. Anakwenda kwenye ukoka, anameza harakaharaka, anatapika povu la njano, anapata nafuu. Wewe umeona majani yakileta matapishi. Mimi nadhani kichefuchefu kilitangulia, majani yakafuata. Mbwa wengi wa ulinzi hapa Dar hulishwa mara moja kwa siku, na hili nalikuta kwao mara kwa mara.

Usimwongezee chakula, kigawe. Nusu ale asubuhi akirudi bandani, nusu saa tatu usiku kabla hajaanza doria. Sembe ibadilishe kwa dona, kwa kuwa dona ina nyuzinyuzi, na uchanganye mchicha au boga la kuchemsha. Vitunguu usiweke kabisa, vinaharibu damu ya mbwa. Dagaa waoshe mchanga uishe. Fanya hivyo wiki mbili. Povu likikoma, tumepata jibu. Lisipokoma, mlete, na uje na kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kichupa safi.

Jirani wa maziwa simdharau, anaogopa kitu cha kweli, ila maziwa hayaui sumu. Mbwa aliyekula sumu kwa kawaida hachangamki baada ya kutapika: anatetemeka, anatoa mate mengi, anayumba, anaanguka. Huyo hakimbizwi jikoni, anakimbizwa kwa daktari, pamoja na pakiti ya kilichoshukiwa. Wala usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu, diklofenaki au vinginevyo. Nimepoteza mbwa waliopewa hivyo kwa nia njema.

Kinachonitia hofu ni kilicho juu ya ukoka na kilicho jirani yake. Kama mtunza bustani anapulizia dawa ya magugu au ya wadudu, mbwa asikanyage pale mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa uishe. Angalia pia uzio wa mnyaa, maana utomvu wake unaunguza mdomo na macho, pamoja na mbono na mbarika. Kuna na saikasi, ule mmea unaofanana na mnazi mfupi, unaouzwa na wauza miche kando ya barabara zetu. Mbegu zake zinaua ini la mbwa. Kama unao, ung'oe au uuzungushie wavu.

Msubirishe mbwa hizo wiki mbili tu ikiwa anakula chakula chake na ana nguvu. Akikataa kula, akitapika mfululizo kwa zaidi ya siku moja, akitoa damu, au ufizi ukipauka, mlete siku hiyo hiyo. Homa ya kupe huanza kimyakimya, na mji wetu una kupe mwaka mzima.

Na kama siku moja ataanza ghafla kutafuna udongo, mawe na vijiti, sauti imebadilika, mate yanamchuruzika, usitie mkono mdomoni ukidhani kakwama mfupa. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Mfungie, piga simu kwa daktari wa mifugo wa eneo lako. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye jeraha, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Hukuniambia mbwa wako alichanjwa lini mara ya mwisho. Tafuta kadi yake leo, na kama mwaka umepita, mlete hata kabla ya hizo wiki mbili.