Sumaku Haikuniambia Kitu

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Antwerp ameniandikia. Amepata saa ya mezani ya Kifaransa, ile ya sanamu: kijana amembeba msichana mgongoni wanavuka mto. Muuzaji anataka euro 700. "Kaka, nichukue?" Nilicheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikanikauka. Pacha wa saa hiyo yuko sebuleni kwangu.

Basi nianze na aibu yangu. Nilipokuwa mgeni Brussels, kila asubuhi nilikuwa Place du Jeu de Balle, kwenye soko la mitumba la Marolles. Wenzangu wananunua magari ya kupeleka nyumbani, mimi nanunua saa mbovu. Walinicheka sana, na wengine bado wananicheka. Siku hiyo nikamwona Paul na Virginie wake, wanang'aa dhahabu juu ya turubai, kati ya masufuria na viatu. Kitabu chao nilikisoma nikijifunza Kifaransa. Ni cha Bernardin de Saint-Pierre, cha 1788: watoto wawili wanakua pamoja Morisi, enzi hizo ikiitwa Île de France, wanapendana, msichana anapelekwa Ufaransa, na siku ya kurudi meli inavunjika Paul akiwa ufukweni anatazama. Nililia, sikatai. Wafaransa nao walilia, wakawachora watoto hao kwenye picha, kwenye vitambaa, na kwenye saa za kuweka juu ya meko. Pierre-Philippe Thomire, bingwa wa shaba wa Paris, alitengeneza ya kwake mwanzoni mwa karne ya 19.

Muuzaji alipotaja tu jina la Thomire nikalegea. Akatoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye goti la Paul. Haikunasa. "Umeona? Bronzi tupu, shaba safi." Nikahesabu euro 650. Ilikuwa kodi ya nyumba.

Fundi saa niliyempelekea, mzee wa Kibelgiji, hata uso wa saa hakuutazama. Akaipindua. Akachukua msumari, akakwaruza ndani ya kitako mahali pasipoonekana, pakatoka kijivu. Shaba ingetoka na wekundu au njano. Yangu ilikuwa zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Sumaku hushika chuma. Shaba haishiki, na zinki vilevile haishiki, kwa hiyo yule bwana hakunidanganya kwa mdomo tu, alinidanganya pia kwa ujinga wangu mwenyewe. Kisha mzee akafungua nyuma. Saa za enzi za Thomire, kile chuma kinachobembea huning'inia kwenye uzi wa hariri. Changu kilining'inia kwenye utepe mwembamba wa chuma, mtindo wa fundi saa wa Paris, Achille Brocot, ulioenea katikati ya karne ya 19. "Huyu ni mjukuu," akasema, akanirudishia. Mke wangu aliuliza swali moja tu: kodi iko wapi?

Kwa hiyo dada, pindua. Usiponunua kitu kingine kwangu, nunua hilo: pindua saa. Kwaruza chini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Akikataa, ondoka. Tazama uzi au utepe. Halafu pindua tena.

Lakini kinachoniuma zaidi nilikigundua baadaye, niliporudi kwenye kitabu. Ule mto wanauvuka wakitoka wapi? Wanatoka Rivière Noire, eneo la kisiwani humo, kumwombea msamaha mwanamke mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. Bwana akaahidi kusamehe. Kabla hawajafika nyumbani wakasikia kwamba mama yule amefungwa mnyororo mguuni na pingu ya chuma shingoni. Kwenye saa yangu hayupo. Kuna maji, kuna maua, kuna mapenzi. Na mimi ni mtu wa Lindi! Jirani zetu wa Kilwa, mwaka 1776, sultani wao alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa kwenye visiwa hivyo hivyo vya huko Morisi. Sisi tuliokulia pwani tunatoa pesa ya kodi kununua kumbukumbu ya utamu wa watu wengine, tena ya zinki. Jamani, tujifunze kuuliza kitu kimetoka wapi kabla ya kuuliza kinang'aa vipi. Tusome vitabu hadi mwisho. Mimi nilikisoma nikitafuta mahali pa kulia.

Saa sijaiuza. Mzee aliisafisha, sasa inakwenda siku nane kwa kujazwa mara moja, na inagonga vizuri kuliko kengele ya kanisa la mtaani kwetu. Wageni huisifu, nami siku hizi huwaambia ukweli, isipokuwa wakiwa watu wa Tanga.

Dada, picha tatu ulizonitumia zote ni za uso. Nitumie ya kitako.