Ukoo wetu umebeba mizigo, kuanzia Tabora hadi bandarini

Mkuu, umeuliza wazee wetu walifanya kazi gani, ukasema kwenu ukishavuka kwa babu jibu ni moja tu: "walikuwa wakulima." Nami niliridhika na jibu hilo mpaka nikafika miaka 30 na kitu. Si uongo, jembe kila mtu alikuwa nalo. Ila limefunika mengi.

Siku moja tulikuwa msibani Mtoni, baba mkubwa akaanza kumsimulia babu yake, kwamba hadi uzeeni alikuwa na sugu begani, gumu kama kisigino. Nikauliza, sugu la nini? La pembe za ndovu. Kumbe Mnyamwezi wetu yule ujanani alikuwa mpagazi, Tabora hadi Bagamoyo, karibu miezi mitatu kwa miguu, begani frasila mbili, yaani kama kilo 32, na bado ana mkeka na chakula chake. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ile ikafa. Ikaja vita ya 1914, akakamatwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Sisi wa Dar tunapita Kariakoo kila siku, na jina lile limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Tangu siku ile nikipita pale namkumbuka.

Mwanawe, yaani babu yangu, alipanda treni miaka ya 40 akaja mjini, akawa kuli bandarini. Wakati huo meli kubwa hazikufunga gatini. Zilitia nanga katikati ya bandari, makuli wakashusha shehena kwenye matishari, matishari yakivutwa hadi ufukweni wanashusha tena. Gunia lilelile unalibeba mara mbili. Gati za kina kirefu zilikuja kufunguliwa 1956. Na ajira ilikuwa ya siku: asubuhi mnajipanga getini, mnyapara anachagua, asiyechaguliwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana mgomo wa Septemba 1947 uliwaka. Ulianza kwa makuli, ukapanda na reli hadi Tabora na kwingineko, na mishahara ikaongezwa. Babu alikuwemo. Baba mkubwa anasema mzee alikuwa akifika hapo kwenye simulizi anakaa wima.

Baba yangu alisoma kidogo, akawa karani wa kuhesabu shehena palepale bandarini, kipindi shaba ya Zambia ilipoanza kuja kwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mama alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mimi natoa mizigo ya watu forodhani, kwa hiyo nami sijatoka mbali.

Lakini aliyeniuma ni bibi. Kwenye karatasi zote za ukoo, ukifika kwenye jina lake, kazi imeandikwa "mama wa nyumbani." Shangazi ndiye aliyenieleza. Bibi alikuwa akiuza uji na vitumbua nje ya geti la bandari kabla jua halijatoka, akiwakopesha makuli hadi siku ya malipo, na majina ya wadeni wote yako kichwani maana kusoma hakujua. Siku ambazo babu hakuchaguliwa, nyumba ilikula senti za vitumbua. Ada ya baba ilitoka humo. Baba asingeshika kalamu ya ukarani bila yule mama, na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo.

Kwa hiyo mkuu, ukienda kwa wazee, watafute shangazi na bibi wadogo kabla ya wazee wa kiume. Na usiulize "bibi alikuwa na kazi gani?" Utaambiwa hakuwa na kazi. Mimi nilijibiwa hivyo mara ya kwanza. Uliza aliamka saa ngapi, na akishaamka alishika nini. Shangazi alinijibu papo hapo: saa nane usiku, anashika mchi. Mchele umelowekwa tangu jana, unatwangwa, na watoto wamelala palepale chumbani, wamezoea mlio hawaamki. Halafu uliza fedha aliiweka wapi. Hapo ndipo simulizi inapotoka yenyewe. Kwetu ilikuwa kwenye fundo la kanga.

Nimefungua daftari jipya la ukoo. Kwenye mstari wa bibi nimeandika: mpishi na muuza chakula, geti la bandari, Dar es Salaam.