Mgeni ulingoni: je, wanamieleka huwachukia mastaa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Napenda mieleka tangu utotoni. Juzi nilirudia kutazama lile pambano la 2021, Bad Bunny na Damian Priest dhidi ya The Miz na John Morrison. Miz na Morrison wamekula miaka mingi ulingoni, na Bad Bunny ni mwanamuziki aliyefanya mazoezi miezi michache tu, lakini ndiye aliyeshinda. Najua matokeo hupangwa, hilo halinisumbui. Ninachotaka kujua ni hiki: pambano kama lile linatengenezwaje hadi mtu mgeni aonekane anaijua kazi, tena asivunjike shingo? Na wenyewe wanamieleka, wakiwa peke yao, hawajioni kuwa wamedharauliwa?

JIBU: Marahaba. Nimepigana kwa miaka kadhaa na sasa nafundisha, na swali lako la pili nimelisikia mara nyingi kuliko la kwanza. Hasira ipo, nisikufiche, ila haiko pale mashabiki wanapodhani. Mwanamieleka hana ugomvi na kushindwa. Kushindwa ni sehemu ya kazi yake, na anayejua kushindwa vizuri hakosi ajira. Staa akiingia kwetu tunamtazama jambo moja: atakubali kuanguka?

Nikueleze kuanguka ni nini, maana kwenye televisheni hakuonekani. Ulingo si godoro. Chini ya turubai kuna sponji nyembamba, chini ya sponji mbao, chini ya mbao vyuma. Unapoanguka chali, kidevu lazima kibanwe kifuani ili kisogo kisiguse sakafu. Mgongo wa juu utue wote kwa mpigo mmoja, na viganja vipige chini wakati huohuo, mikono ikiwa imefunguka pembeni. Anayepeleka mkono nyuma ili ajizuie huvunjika kifundo. Pumzi uitoe wakati unatua, usiizuie. Mwanafunzi mpya akirudia hilo mara hamsini kwa siku, kesho yake hawezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto bila kukishika kwa mikono miwili. Bado hajaanza kukimbilia kamba, ambazo humwachia alama za zambarau kwapani na mbavuni.

Niliwahi kuletewa mwimbaji nimwandae kwa pambano moja. Alifika na wapambe wanne, simu zote zikirekodi. Nikamwomba awatoe nje, akawatoa. Anguko la kwanza alijigonga kisogo, akakaa kimya kidogo huku machozi yakimlengalenga, kisha akauliza, "Kidevu, sivyo?" Akarudia. Jioni ile wale vijana wangu waliokuwa wakimtazama kwa jicho la pembeni ndio waliokwenda kumtafutia barafu. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Sasa ufundi wenyewe. Mgeni hafundishwi mieleka yote, hakuna muda huo. Anapewa vitu vitano au sita anavyoweza kuvifanya hata akiwa na hofu mbele ya maelfu ya watu: pigo moja la mkono, mruko mmoja, namna moja ya kumwangusha mwenzake, maanguko mawili matatu. Pambano zima linajengwa kuvizunguka hivyo. Ndiyo maana utaona wageni wengi wanaingizwa kwenye pambano la wawili kwa wawili, ambamo mmoja hupigana na mwenzake husubiri hadi aguswe mkono. Mwenzake anapigwa kwa muda mrefu, mgeni anasimama konani akinyoosha mkono aguswe, anavuta pumzi, na kiu ya watazamaji inapanda. Akiguswa anaingia na kufanya vile vitu vyake kwa dakika mbili tatu za moto, kisha anatoka tena. Kinachowaangusha wageni wengi ni pumzi. Mtu anaweza kuwa mwanariadha kamili, lakini woga na kelele za uwanja vikammaliza kabla mwili haujachoka.

Na dereva wa gari hilo ni adui, wala si stelingi. Miz na Morrison ndio waliokuwa wakiendesha. Adui huamua mwendo, humweka mgeni mahali anapotakiwa kusimama, na ukiona kabali ndefu isiyo na haraka, jua kuna maneno yananong'onwa sikioni: kinachofuata ni hiki, pumua, bado. Refa naye ni fundi. Huvaa kifaa sikioni na kupitisha ujumbe wa muda uliobaki.

Chukua lile tukio lililowashangaza wengi, Bad Bunny alipomzungusha Morrison hewani nje ya ulingo na kumtua kwa kichwa. Jicho linasema mwanamuziki ndiye aliyemwinua. Ukweli ni kwamba pigo lile haliwezekani bila anayepigwa kuruka kwa miguu yake mwenyewe na kuumaliza mzunguko kwa nguvu zake. Anayepiga naye anapaswa kuzunguka kwa wakati uleule na kulinda nafasi ya kichwa cha mwenzake. Akichelewa nukta moja, shingo iliyo hatarini ni ya Morrison. Kwa hiyo unaposema mgeni asivunjike shingo, sisi tunafikiria kwanza shingo ya mwenyeji. Aliyeiweka rehani ni yeye.

Kwa nini basi Bad Bunny anasifiwa hadi leo? Kwa sababu alihamia Orlando akafanya mazoezi kwa miezi kadhaa kwenye kituo cha WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, wakati angeweza kufika wiki ya mwisho na wangempa njia rahisi. Januari 2021 alijirusha kutoka juu ya kamba akawaangukia haohao Miz na Morrison, na Aprili 10 akafanya pambano kamili Tampa. Mei 2023 alirudi, safari hii San Juan, nyumbani kwao Puerto Rico, dhidi ya Priest mwenyewe aliyekuwa mwenzake. Pambano lile halikuwa la kumficha konani. Alipigwa, akatupwa, akaanguka, akainuka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alilishika jembe.

Logan Paul, staa wa YouTube, naye alianza akizomewa, na sehemu ya zomeo lile ilikuwa ya kweli, haikuwa ya mchezo. Aliingia WrestleMania, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, Aprili 2022, Novemba mwaka huohuo akapigana na bingwa Roman Reigns Riyadh na kutoka na goti lililoumia, na mwaka uliofuata akamvua Rey Mysterio mkanda wa Marekani. Uwezo wake ulionekana mapema. Kilichobadilisha maneno ya wenzake ni kwamba aliendelea kurudi baada ya kuumia.

Wapo wageni ambao hawakupigana kabisa na wakawa na faida kuliko wote. Mike Tyson, Machi 1998, alikuwa amefungiwa ndondi kwa kumng'ata sikio Evander Holyfield. WWF, jina la WWE la wakati huo, ilimweka kando ya ulingo Boston, kwenye pambano la Steve Austin dhidi ya Shawn Michaels. Kazi yake ilikuwa kuhesabu hadi tatu, kisha kumtupia Michaels ngumi moja. Lakini dunia nzima iliyokuja kumtazama Tyson iliondoka ikimjua Austin. Wiki mbili baadaye WWF ilikatisha mfululizo wa wiki 83 ambazo washindani wao WCW walikuwa wakiwazidi kwa watazamaji siku ya Jumatatu. Katika chumba chetu cha kubadilishia nguo hakuna anayelalamika juu ya staa wa namna hiyo. Mwanga wake umemwangukia mwenyeji.

Mabondia wakipigana ndipo mimi huingiwa na wasiwasi, na hapa nitakaa kidogo. Mwanamuziki hana mazoea ya kupiga, hivyo hufundishika. Bondia amekaa miaka ishirini akiufundisha mwili wake kutopunguza ngumi. Februari 2008 Floyd Mayweather alimpiga mwanamieleka Big Show ngumi za kweli usoni na pua ikatoka damu. Big Show alikuwa amepiga magoti ili Mayweather amfikie, akazipokea. Watu wanaona jitu limepigwa na mtu mdogo. Mimi naona mtu wa kilo zipatazo 200 aliyeamua kutoa uso wake ili pambano la WrestleMania liuzike. Na nyuma zaidi, Juni 26, 1976, Muhammad Ali na mwanamieleka wa Japani, Antonio Inoki, walikutana Tokyo bila makubaliano ya nani ashinde. Inoki alilala chini na kumpiga mateke miguuni raundi 15, wakatoka sare, watu wakarusha takataka, na Ali akaondoka miguu imevimba hadi akalazwa hospitali. Lile ndilo jibu kwa wanaosema mieleka ingekuwa bora kama isingepangwa. Makubaliano ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani wazima.

Wapo waliomlipa mwenyeji deni lake bila kuwa wafundi wakubwa. Aprili 1995, Hartford, Lawrence Taylor wa mpira wa Marekani alimshinda Bam Bam Bigelow kwa chini ya dakika 12. Bigelow alikuwa pande la mtu anayeruka kama mtoto, na usiku ule kila pigo la Taylor lilionekana kali kwa sababu ya namna Bigelow alivyolipokea. Ningeulizwa nimwoneshe mwanafunzi maana ya kuuza pigo, ningemwekea hilo. Taylor alikuja na nguvu na adabu. Mengine yote aliyabeba Bigelow mgongoni.

Sasa hasira. Aprili 2000 WCW walimpa mwigizaji David Arquette mkanda wao wa dunia. Ilikuwa kutangaza filamu. Alikuwa na Diamond Dallas Page dhidi ya Jeff Jarrett na Eric Bischoff, mmoja wa wakubwa wa WCW, akambana Bischoff mabega chini, na mkanda uliokuwa wa Page mwenyewe, mwenzake wa upande mmoja, ukawa wake kwa siku 12. Mashabiki walimchukia yeye. Waliomo ndani walijua kwamba Arquette alikuwa shabiki tangu utotoni na alipinga wazo lile tangu mwanzo. Fedha alizolipwa alizitoa kwa familia za wanamieleka Owen Hart na Brian Pillman waliokuwa wamefariki, na ya Darren Drozdov aliyepooza akiwa kazini ulingoni. Kosa lilikuwa la mpangaji wa mapambano. Kwetu mkanda ni ahadi kwa kijana anayelala kwenye gari kati ya mji na mji kwamba ipo ngazi na ina mwisho. Kushindwa na mgeni usiku mmoja kunasahaulika. Kumpa mgeni mkanda wa dunia ni kumwambia yule kijana kwamba ngazi ilikuwa picha tu. Machi 2001 WCW iliuzwa kwa WWF; ilikuwa na magonjwa mengi, na hilo lilikuwa moja.

Arquette alirudi mwaka 2018, akiwa katikati ya miaka ya arobaini, kupigana kwenye kumbi ndogo. Katika pambano moja la umwagaji damu dhidi ya Nick Gage, bomba la taa lililovunjika lilimkata shingoni. Aliendelea kufanya mazoezi baada ya hapo. Sikubaliani na aina ile ya mapambano na wanafunzi wangu siwaruhusu. Ila baada ya hapo sijasikia mwanamieleka akimtaja kwa dharau.

Na kuna mmoja tunayemtaja kama ndugu, Andy Kaufman, mchekeshaji. Aprili 1982, Memphis, mwanamieleka Jerry Lawler alimsimamisha kichwa chini na kumtua nacho, na Kaufman akatembea na kola ya shingoni miezi iliyofuata. Julai walizabana kwenye kipindi cha David Letterman. Waliyapanga pamoja, na Kaufman hakuitoa siri hadharani. Alifariki mwaka 1984 na siri yake, na Lawler naye akaitunza kwa miaka mingi baadaye. Katika enzi ile siri ndiyo ilikuwa mkate wetu, na mtu wa nje aliilinda kuliko baadhi ya wa ndani.

Kwa hiyo ukitaka kujua wanamieleka wanamchukuliaje staa, usitazame pambano peke yake. Tazama anavyoingia chumba cha kubadilishia nguo. Desturi yetu ni kupeana mikono na kila mtu, kuanzia mkongwe hadi anayefunga kamba, na mkono uwe mlegevu, kuonesha kwamba ukinishika ulingoni hutaniumiza. Anayefundishwa hilo na kulifanya bila kuulizwa mara mbili, yuko salama.

Linalobaki ni nafasi, nalo ndilo linalouma kweli. Orodha ya mapambano ina mwisho. Dakika 15 za mgeni zimetoka kwa mtu, na mtu huyo alikuwa amewaambia ndugu zake wamtazame usiku ule. Iliwahi kunikuta. Mpangaji alinijulisha mchana, siku yenyewe, kwamba pambano langu limeondolewa ili apatikane muda wa mgeni wa redio aliyekuwa akivuma. Kisha akaniomba kitu kingine: mgeni atajirusha kutoka juu ya kamba, anahitajika mtu mzoefu wa kusimama chini amdake. Nilikwenda nikamtafuta yule mgeni, nikamwonesha mahali pa kunitazama, kifuani na si chini, na nikamwambia asikunje miguu. Usiku ule alikuja vizuri, mikono imefunguka. Nilimdaka, nikaanguka naye, kisogo changu kikiwa juu.