Haloalkani: upolari si kasi

Wadogo zangu mnaoanza kidato cha tano hapa Tanga, tahasusi za sayansi za PCB, PCM au CBG, mada ya haloalkani (molekuli za kaboni na haidrojeni ambamo haidrojeni moja imebadilishwa na halojeni: florini, klorini, bromini au iodini) msiikariri. Mimi niliikariri, na jaribio la kwanza likaniumbua.

Swali lilitaka tutaje ipi kati ya florobutani, klorobutani, bromobutani na iodobutani hupoteza halojeni yake kwa maji haraka kuliko zote. Nikaandika florobutani bila kusita. Kwenye kipimo cha Pauling, kinachopima nguvu ya atomu kuvuta elektroni, kaboni ina 2.55, florini 3.98 na iodini 2.66. Florini ndiyo mvutaji mkubwa wa elektroni, kaboni yake inabaki na uchanya mwingi, na nyukleofaili, yaani chembe yenye jozi ya elektroni za kutoa, kama maji, hufuata uchanya. Nikapata sifuri.

Jibu nililiona maabara kwa macho yangu. Testi tyubu tatu zenye ethanoli, kila moja na matone yake ya klorobutani, bromobutani au iodobutani, zikisimama kwenye bika la maji ya moto. Tukatia myeyusho wa silva naitreti, ambao hufanya mashapo na halojeni iliyoachia. Ya iodini ikachafuka karibu papo hapo, mashapo ya njano. Ya bromini ikafuata, rangi ya krimu. Ya klorini tukaisubiri, tukaisubiri, hadi weupe hafifu ukajitokeza.

Sisi tumekulia kwenye mkonge, kwa hiyo fikirini kamba. Watu wawili wakivutana, nani ana nguvu zaidi ni jambo moja. Unene wa kamba ni jambo jingine kabisa. Upolari, yaani elektroni za bondi kuvutwa upande mmoja, ni habari ya mvutano: unakuonyesha nyukleofaili itatua wapi, yaani kwenye kaboni. Kasi inafuata unene wa kamba. Kukata bondi ya kaboni na florini kunadai zaidi ya kilojuli 450 kwa moli. Ya kaboni na iodini, karibu nusu ya hapo. Ndiyo maana iodini inaachia kwanza, japo mvutano wake ni mdogo.

Kwenye michoro, mshale uanzie kwenye jozi ya elektroni za nyukleofaili, uishie kwenye kaboni. Wengi huuchora kinyume na kupoteza maksi za bure. Haloalkani ya daraja la kwanza, ambayo kaboni yenye halojeni imeshikana na kaboni nyingine moja tu, hushambuliwa kwa nyuma, upande usio na halojeni, bondi moja ikijengeka huku nyingine ikikatika. Ya daraja la tatu ina vikundi vitatu vya kaboni vilivyoziba njia, hivyo halojeni huondoka kwanza, kaboni ikabaki chanya, ndipo nyukleofaili ikaingia. Njia hizi mbili zilitofautishwa na wanakemia Hughes na Ingold, Uingereza, miaka ya 1930.

Jambo jingine: sodiamu haidroksaidi ikiwa kwenye maji, andika alkoholi. Ikiwa kwenye ethanoli na moto, hasa kwa haloalkani ya daraja la tatu, unapata alkeni, yenye bondi ya mara mbili kati ya kaboni na kaboni. Kabla kalamu haijagusa karatasi, pigia mstari jina la kiyeyushi.